Mkuki Uliopakwa Dawa

Walinzi wa getini walimwita Mama Mikuki, wafagizi walimwita Mama Mikuki, na hata mkuu wa makumbusho, mtu wa tai na viatu vinavyolia, akimhitaji alisema, "Hebu niitieni Mama Mikuki." Mwenyewe hakuona ubaya. Mikuki ndiyo ilikuwa kazi yake, na ukweli ni kwamba aliipenda. Katika chumba kile cha nyuma, chenye madirisha membamba na rafu za chuma kutoka sakafuni hadi darini, alijua kila mkuki unapolala, kama mama anavyojua nani analala ukutani na nani analala pembeni.

Aliyeona ubaya ni wifi yake.

Wifi huyu alikuwa dada mkubwa wa mumewe, fundi cherehani, mwanamke mnene wa mwili na mwepesi wa maneno. "Wenzake wameoa wake," alikuwa akiwaambia wateja wake, pini amezibana katikati ya midomo, "kaka yangu kaoa ghala la silaha. Siku wakigombana sijui atakimbilia wapi." Wateja wakacheka, na maneno yana miguu, yakamfika Mama Mikuki kabla jua halijatua. Hakujibu. Ukimjibu wifi mmoja umeujibu ukoo mzima, na yeye alikuwa ameolewa ili aishi, si ili ashinde kesi.

Kwa hiyo alijishangaa mwenyewe siku mkuu aliposema anatafuta fundi wa nguo. Makumbusho yalikuwa yanaandaa chumba kipya cha maonyesho, na mbao za ukutani zilitakiwa kuvikwa kitambaa kizito, chenye vishikizo vya kushonwa vizuri ili kila mkuki ukae palepale bila kukwaruzwa. Fundi lazima awe na mkono uliotulia.

"Wifi yangu," Mama Mikuki akasema kabla hajafikiri. Kisha, asije akalaumiwa baadaye, akaongeza, "Ila ana ulimi."

"Hatuajiri ulimi," mkuu akasema. "Mlete."

Wifi akaja asubuhi, tepu ya kupimia shingoni, mkasi mkubwa kwenye mkoba, chaki nyuma ya sikio. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mikuki, akatazama rafu ya kwanza, ya pili, akainua macho mpaka darini.

"Mh! Kumbe huku ndiko unakoshinda. Na mimi nasema mbona kaka yangu amekonda."

"Karibu, wifi. Vaa hizi glovu."

"Glovu? Mimi? Nitapimaje kitu nisichokisikia mkononi? Weka hizo, nitapima kwa macho na tepu, wala sitagusa chuma cha mtu."

Wakaanza kazi. Mama Mikuki alikuwa akiutoa mkuki mmoja mmoja rafuni na kuulaza juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na wifi anapima, anaandika kwa chaki kwenye kipande cha kitambaa. Mwanzoni alipima kimyakimya, kama mtu aliyeshika nguo ya maiti. Lakini fundi ni fundi; hawezi kuona kitu kimetengenezwa vizuri asiulize.

"Huu mbona chuma chake kirefu hivi, mti wenyewe kipande tu?"

"Huo ni wa vita. Wa kuchomea mtu akiwa karibu. Tazama na huku nyuma, wameutia mkia wa chuma, ili mkono usilemewe upande mmoja. Mwenye huu hakuurusha. Ukiurusha ukakosa, umemgawia adui silaha."

"Ala! Na huu mwembamba?"

"Huo ndio wa kurusha. Mtu alibeba mitatu, minne, mkono wa kushoto pamoja na ngao. Anarusha huku anasogea, mpaka anabaki na ule mmoja wa mwisho, na huo hauachi."

"Na huu wa ncha pana kama jani?"

"Wa mawindo. Upana ni ili damu itoke nyingi, mnyama asiende mbali. Maana mnyama akienda mbali, atakayemkuta si wewe tena, ni fisi."

Wifi akatikisa kichwa taratibu. "Kumbe ni kama mikasi," akasema. "Kuna wa kukata, kuna wa kupunguza uzi, kuna wa kutobolea. Anayechanganya ndiye anayeharibu nguo ya watu."

Mama Mikuki akatabasamu. Miaka yote aliyokuwa akieleza habari za mikuki kwa wageni, hakuna aliyewahi kuielewa upesi namna hiyo. Akajikuta anaeleza zaidi, na wifi anauliza zaidi, mpaka mtu angepita mlangoni angedhani ni marafiki wa toka utotoni.

Kwenye meza ya mwisho, ile ndogo ya dirishani, ulikuwa umelala mkuki mmoja peke yake. Ncha yake ilikuwa pana, nayo imepakwa kitu cheusi cha kung'aa, kizito, kutoka kwenye ncha mpaka shingoni, kama lami. Mtini palikuwa pamefungwa utepe mwekundu.

"Huo usiusogelee," Mama Mikuki akasema. "Umeletwa juzijuzi tu, tumepewa na mjane wa mwalimu mmoja. Sijui bado huo weusi ni kitu gani."

"Kwani unadhani ni nini?"

"Zamani walikuwepo wawindaji waliopaka silaha zao sumu ya miti. Inaingia kwenye damu, inakwenda kwenye moyo. Na sumu nyingine hazizeeki, wifi. Aliyezipika anakufa, mjukuu wake anakufa, zenyewe zipo. Mpaka niupeleke ukapimwe, huo nauhesabu kuwa una sumu."

"Sasa mbona uko wazi kama umetoka kuoga?"

"Nimeufungua asubuhi upigwe picha. Nitaufunga sasa hivi."

Angeufunga kweli, lakini mkuu akaita kutoka ukumbini. Mbao zimeletwa, fundi seremala anauliza ziwekwe wapi, njoo mara moja. Mama Mikuki akasita. Sheria ya chumba kile aliiandika mwenyewe: mgeni haachwi peke yake na vifaa. Akamtazama wifi, mtu mzima, ameinama juu ya kitambaa chake. Akatoka.

Baadaye alijisuta sana kwa hatua zile chache.

Wifi, kwa upande wake, hakuwa na nia ya kugusa. Alichotaka ni urefu tu, akauma upande mmoja wa tepu kwa meno akaunyoosha upande wa pili juu ya ule mkuki mweusi, mbali nao kabisa. Lakini tepu ikanasa kwenye utepe. Alipoivuta, mkuki ukageuka, maana mti wake ni wa mviringo, ukabingirika kuelekea ukingo wa meza. Na fundi aliyezoea kudaka mkasi unaopomoka hana muda wa kufikiri. Akaudaka. Ncha ikaingia kwenye dole gumba.

Na kwa kuwa maisha yake yote sindano ikimchoma alifanya jambo lilelile, akalitia dole gumba mdomoni akalinyonya.

Hivyo ndivyo Mama Mikuki alivyomkuta: mwanamke mzima amesimama katikati ya chumba, dole mdomoni kama mtoto wa kuachishwa ziwa, mkuki uko mkononi, na utepe mwekundu umeanguka sakafuni.

"Wifi," akasema. Sauti ilimtoka nyembamba kama si yake. "Wifi, toa hicho kidole mdomoni."

"Kimenigusa kidogo tu," wifi akasema. Kisha akautazama mkuki. Kisha akamtazama mke wa kaka yake, akaona uso wake. "Mama yangu weee!"

Mama Mikuki hakumbuki vizuri alivyoulaza ule mkuki. Anakumbuka bomba la maji lililokuwa nyuma ya chumba, mkono wa wifi chini ya maji, na damu inavyotoka kidogokidogo, haina haraka, na yeye anapiga kelele, "Tema! Sukutua, tema tena!" Anakumbuka mkuu akija mbio, viatu vinalia, na kwa mara ya kwanza hakuuliza swali, alitoa tu funguo za gari.

Njiani wifi hakusema neno, na hilo ndilo lililomtisha Mama Mikuki kuliko damu. Magari yalikuwa yamebanana kwenye taa, mtu anauza karanga dirishani, watoto wa shule wanavuka barabara wakisukumana, na yule mwanamke ambaye hajawahi kunyamaza hata kwenye msiba amekaa kiti cha nyuma, mkono umefungwa kitambaa, midomo imebanwa kabisa.

"Sema kitu, wifi," Mama Mikuki akamwomba.

"Ulimi umekuwa mzito."

Mkuu akapiga honi mpaka watu wakageuka.

Hospitali iliwapokea upesi kuliko walivyotegemea, pengine kwa sababu mkuu aliingia akisema "sumu" kwa sauti ya mtu aliyezoea kuhutubia. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye miwani, mtulivu, na utulivu wake uliwaudhi. Akamlaza wifi kitandani, akamwosha kidonda tena kwa sabuni, akambandika nyaya za mashine kifuani. Mashine ikaanza kuchora vilima na mabonde kwenye kioo.

"Sumu gani?" daktari akauliza.

"Sijui kama ni sumu," Mama Mikuki akajibu. "Huenda ni sumu. Ya miti, ya kuwindia. Inasimamisha moyo."

"Huenda," daktari akarudia. Akatazama kioo. "Moyo unakwenda mbio, lakini unakwenda sawasawa. Hofu peke yake inaweza kufanya hivyo. Ulimi una ganzi, mama?"

"Mzito."

"Mzito wa ganzi au mzito wa kukauka?"

Wifi akafikiri. "Nipe maji kwanza ndipo nikujibu."

Akapewa maji, akanywa yote, lakini hakujibu. Daktari akamvuta Mama Mikuki pembeni, karibu na pazia. "Mimi nitakaa naye, sitamwacha. Lakini natibu kitu nisichokijua. Hakuna mtu anayejua kilichopakwa pale? Mwenye mkuki?"

"Amekufa. Ila mkewe yupo."

"Basi mpigie mkewe."

Kabla hajatoa simu, wifi akamwita. Mama Mikuki akainama kitandani. Karibu karibu hivi, uso wa wifi ulikuwa sawasawa na wa mumewe: paji lile lile pana, nyusi zile zile. Hakuwahi kuliona hilo.

"Nisikilize," wifi akasema. "Mimi watu wangu ni kaka yangu na wewe. Ndugu wengine hao ni wa sherehe. Nikienda, cherehani chukua wewe."

"Huendi popote, wifi."

"Nyamaza nimalize. Chukua wewe. Huwezi kushona, najua, hata kifungo huwezi, kaka anatembea na shati lina matundu kama chujio. Lakini wewe unajua kutunza vitu. Leo nimeona. Unavishika kama vina roho. Cherehani yangu sitaki iangukie kwa mtu wa kuifanya meza ya chai."

Mama Mikuki akamshika mkono ule mzima, akatoka ukumbini kupiga simu kabla machozi hayajamwaibisha.

Simu ililia muda mrefu. Mwishowe ikapokelewa, na sauti ya bibi mzee ikapaa kama ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. "Halo! Nani mwenzangu?"

"Shikamoo, mama. Ni mimi wa makumbusho. Niliyekuja kuchukua ule mkuki wa marehemu mwalimu."

"Marahaba, mwanangu! Mkuki umefika salama?"

"Umefika, mama. Nilitaka kuuliza, ule weusi kwenye chuma chake. Ulipakwa kitu?"

"Eeh?"

"Ule weusi, mama!"

"Aaa, ule! Ule ulipakwa dawa."

Mama Mikuki akaegemea ukuta. Kila mtu aliyewahi kusoma habari za mawindo anajua kwamba wawindaji wenyewe hawakuwa wakisema sumu. Walikuwa wakisema dawa.

"Dawa, mama?"

"Dawa, eeh. Marehemu aliupaka kwa mkono wake mwenyewe, hakumruhusu mtu. Na watoto niliwapiga marufuku kuusogelea. Dawa kali ile, mwanangu! Ikishaingia kwenye ngozi haitoki, hata ufanyeje."

"Mama, tafadhali, ni dawa gani? Ya nini?"

"Kopo lake si ninalo mpaka leo! Mnataka kuupaka tena? Njooni tu mlichukue, mimi sina kazi n—"

Simu ikazima. Betri ilikuwa imekwisha, na namba ya bibi ilikuwa humohumo ndani.

Daktari aliposikia neno dawa, miwani ikateremka puani. Hakusema mengi. "Nyumba ni mbali?"

"Si mbali."

"Basi usisimame hapa. Nataka kulishika hilo kopo kwa mkono wangu."

Mlangoni yeye na mkuu wakapishana na mumewe, ambaye mkuu alikuwa amempigia simu; alikuja anahema, shati nje, kalamu bado imekwama sikioni kutoka ofisini. "Dada yuko wapi? Amekuwaje?" Mama Mikuki alimtazama akashindwa kupanga maneno. "Kaa naye," akasema tu. "Mwongeleshe. Mchokoze. Usimwache anyamaze."

Nyumba ya mjane ilikuwa ndogo na safi, ua umefagiwa kwa mistari. Sebuleni viti vilivishwa vitambaa vya kufumwa, picha ya mwalimu ukutani, kavaa koti na sura ya kusahihisha daftari. Bibi aliwapokea kwa furaha ya mtu asiyepata wageni.

"Kaeni, kaeni. Niwaletee maji."

"Mama, tuna haraka," Mama Mikuki akasema. Alikuwa amesimama kama aliyekanyaga kaa la moto. "Lile kopo."

"Haraka ya nini? Mkuki si umeshafika?"

"Kopo, mama. Nakuomba."

Bibi akaenda chumbani, na mwendo wake ulikuwa wa kuhesabu kila tofali la sakafu. Ikasikika droo inavutwa, inarudishwa. Nyingine inavutwa. Bibi anajisemea, "Si hili, hili la vifungo." Mkuu alikuwa anajifuta jasho kwa tai. Mama Mikuki alikuwa anaomba, na maombi yenyewe hayakuwa na mpangilio, yalikuwa neno moja tu linazunguka.

Bibi akarudi. Mkononi ameshika kopo la bati, bapa, la mviringo.

"Hili hapa. Ila limekuwa gumu sasa. Kama mnataka kuupaka tena, nunueni jipya, dukani ziko tele. Nyeusi lakini, msije mkachukua ya kahawia."

Mama Mikuki akalipokea. Akafungua, ndani mna kitambaa kilichokauka. Akanusa. Harufu ile ikampeleka moja kwa moja kwenye Jumatatu asubuhi za utotoni, foleni ya ukaguzi, soksi nyeupe.

"Mama," akasema polepole, "hii ni dawa ya viatu."

"Sasa mimi nilikwambiaje? Si nilisema dawa? Jumapili akishamaliza viatu vyake, akigeuka ni mkuki. Viatu, mkuki. Viatu, mkuki. Ukute na kochi limechafuka, na ile haitoki! Ndiyo maana watoto niliwakataza, wangeipaka kwenye sare zote."

"Na chini ya dawa? Kabla ya dawa? Hakukuwa na kitu kingine? Sumu?"

"Sumu!" Bibi akashtuka. "Sumu ndani ya nyumba yenye watoto? Chini ya dawa kuna chuma, mwanangu. Aliuosha kwa sabuni, akausugua kwa msasa mpaka ukawa unang'aa kama kijiko. Ndipo akaanza kuupaka, usije ukashika kutu. Na hata zamani huo haukuwa na sumu. Babu yake alikuwa mwindaji wa nguruwe mwitu. Nguruwe hahitaji sumu, anahitaji mwanamume asiyekimbia."

Mama Mikuki akakaa chini, si kwenye kiti, sakafuni palepale, kopo limo mapajani, akaanza kucheka. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha machozi yakabaki na kicheko kikaondoka. Mkuu wa makumbusho, mtu wa tai, akageukia ukuta akajifanya anasoma picha ya mwalimu, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Jamani," bibi akasema, "kwani nyie mlikuwa mnadhani dawa gani?"

Wakamweleza. Bibi akashika kichwa. Kisha akasema hatoki mtu pale mpaka amempelekea mgonjwa salamu zake, akawapa machungwa ya uani kwake kwenye mfuko, na safari hii hakuna aliyesema ana haraka.

Hospitalini, daktari alilinusa kopo mara mbili, akalisoma juu na chini, akavua miwani akajifuta macho. "Hii nimepaka mwenyewe asubuhi ya leo," akasema, akainua mguu waone kiatu. "Nitamwangalia kidogo tena kwa usalama, ila kwa hili hafi mtu."

Mume wa Mama Mikuki, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, akainamisha kichwa kwenye viganja vyake. Kisha akaanza kucheka kichinichini. Wifi peke yake hakucheka. Alijiinua kwa kiwiko, nyaya zinaning'inia.

"Ngoja kwanza. Hebu nielewe. Hakuna sumu?"

"Hakuna, wifi. Ni dawa ya viatu."

"Na mkuki wenyewe ulikuwa wa kuwindia nini?"

Mama Mikuki akasita. "Nguruwe mwitu."

Wifi akajitupa kwenye mto. "Mungu wangu. Nimekaa hapa natubu dhambi zangu zote, mpaka nyingine sijazitenda, kwa mkuki wa nguruwe! Si ndiyo wanasema mkuki kwa nguruwe mtamu? Mimi nimeuonja pande zote mbili, na mdomoni nikautia. Ulikuwa na ladha ya kiatu! Nilijua! Nikasema ndiyo kifo hicho, kumbe kifo kina ladha ya kiatu!"

Kicheko kilichopasuka hapo kilimleta muuguzi kutoka wodi ya jirani. Aliingia na sura ya kukemea, akaelezwa, akashindwa naye.

"Na ulimi?" daktari akauliza.

"Ulimi mzima. Huuoni?"

"Tunausikia," akasema kaka yake.

Daktari akachukua sindano. "Bado hii moja. Chuma ni chuma, lazima upate chanjo ya pepopunda."

Wifi akajikunyata mpaka ukutani. Mwanamke aliyekula na kulala na sindano tangu ujana alifumba macho, akamshika wifi yake mkono, akaubana hadi vidole vikauma. "Hiyo ndefu hivyo ya nini? Ngojeni nipumue. Ngojeni nimesema! Nyie watu!" Na alipomaliza kupiga kelele, sindano ilikuwa imeshatoka zamani.

Alipokuwa anavaa viatu, akamtupia jicho Mama Mikuki. "Yale maneno ya cherehani."

"Yapi?"

"Vizuri. Endelea hivyohivyo."

Lakini mkono wake hakuuachia mpaka walipofika garini.

Wakaenda nyumbani kwa kaka, maana hakuna aliyetaka kumwacha wifi akalale peke yake, na yeye mwenyewe hakutaka, ingawa alisema anakwenda kwa sababu tu machungwa ni mengi. Jua lilikuwa bado liko juu ya paa la jirani. Kaka mtu akaingia jikoni akabandika chai, akavunja kikombe, akaapa hakuvunja. Wifi akala machungwa, akasimulia kisa chote toka mwanzo kwa watu waliokuwepo wote, na katika masimulizi yake mkuki ulikuwa mkubwa zaidi na daktari alikuwa na wasiwasi zaidi. Alipofika kwenye bibi na kopo akaanza kucheka tena, akacheka mpaka akachoka, akalala hapohapo kwenye kochi, mkono wenye bandeji juu ya kifua.

Mama Mikuki akamfunika kanga. Alikuwa ameshaondoka, akarudi. Akainama, akasikiliza pumzi. Ikaingia, ikatoka. Akasubiri nyingine.

"Wifi," sauti ikasema, macho yamefumbwa, "niache nilale. Sijafa."

"Haya, lala."

"Na kesho unifungie ile mikuki vizuri, tuna kitambaa cha kukata."

"Nitaifunga."

Akatoka nje akakaa kwenye ngazi ya mlango. Akavua viatu, akanyoosha miguu yote miwili mbele yake kwenye saruji iliyokuwa bado na joto la mchana. Ndani kikombe cha pili kilianguka, mumewe akasema, "Huo ni upepo." Hakuinuka kwenda kutazama. Alishusha pumzi, pumzi ndefu aliyokuwa ameibana tangu asubuhi, akaiacha itoke yote.